Mtindi Mzito na Kusimama Bila Kushikwa

Ninyi vijana mnaopiga tizi kule nyuma ya gereji, hapa Nzuguni, nasikia mnaniita Bibi Mtindi. Hamjakosea. Miaka thelathini na miwili nimekuwa muuza maziwa, nikipima, nikichemsha, nikigandisha na kuchuja, na wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa aina yenu, wenye shingo nene na fulana za kuazima kwa wadogo zao. Sasa nimestaafu, nina muda mwingi kuliko ninavyouhitaji, na hakuna anayeniuliza kitu. Kwa hiyo nitawaambia bila kuulizwa. Nitawaambia ninayoyajua kuhusu maziwa na misuli, na jinsi mwaka huu nilivyolazimika kunywa dawa niliyowauzia wengine. Maana binti yangu Tabitha alinipa mtihani: ama niweze kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa na mtu, ama nifunge nyumba nihamie kwake Dar es Salaam.

Lakini nianze na duka, maana huko ndiko nilikoanza kuwa mjinga.

Mwenye duka alikuwa Mzee Omari, Mrangi wa Kondoa, mtu mwembamba aliyenawa mikono mara nyingi mpaka vidole vyake vikawa vimekunjamana muda wote. Mimi Mgogo wa Bahi nilidhani hajazaliwa Mrangi wa kunifundisha maziwa. Nilimwambia hivyo hivyo siku ya kwanza: nimekulia zizini, nimekamua kabla sijajua kusoma.

"Kukamua ni kazi ya mikono, binti," akanijibu. "Hapa tunataka na kichwa."

Nilimnunia wiki nzima. Wiki ya pili nikamwonyesha hicho kichwa changu.

Tulikuwa na laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa kukuambia kama yametiwa maji. Kikielea juu, maziwa ni mazima. Kikizama, mwenye ng'ombe amepitia bombani. Asubuhi moja akaja mzee mmoja mfugaji ambaye zizi lake lilikuwa hatua chache tu kutoka dukani, maana Nzuguni ya wakati huo ilikuwa bado ya ng'ombe. Nikatumbukiza kijiti, kikazama. Mimi, mbele ya foleni nzima, nikamwambia mzee wa kabila langu, wa umri wa baba yangu, kwamba ametuletea maji ya bomba. Kisha nikayamwaga mtaroni wote wakiangalia.

Mzee alichukua keni yake akaondoka. Mzee Omari akaja kutoka nyuma, akagusa mahali maziwa yalipomwagikia kwenye sakafu.

"Uliyapima yakiwa ya moto?"

"Yalikuwa yametoka kukamuliwa."

"Maziwa ya moto ni mepesi, Elina. Kijiti lazima kizame. Unayaacha yapoe, povu liishe, ndipo unapima. Hukumwaga maziwa tu, umemwaga na jina la mtu."

Jioni ile ile akanipeleka kwa yule mzee kuomba radhi. Nilimsalimu, "Mbukwenyi," kama tunavyosalimiana Wagogo. Hakuitikia. Alimwita mkewe, akawaita na majirani, akaniamuru nimkamue ng'ombe wake mwenyewe kwa mikono yangu, kisha tungoje yapoe, kisha nipime mbele ya kila mtu. Tukakaa. Wajukuu zangu, hakuna kitu duniani kinachochelewa kupoa kama maziwa uliyoyatukana. Watu walinitazama mimi, mimi nikatazama povu. Yalipopoa nikatumbukiza kijiti, kikaelea juu kabisa. Ndipo mzee akaitikia salamu yangu ya tangu nilipoingia, na watu wote wakacheka isipokuwa mimi. Tangu siku ile sijawahi kupima kitu chochote kwa haraka.

Sasa kuhusu ninyi wabeba vyuma.

Wa kwanza alikuwa Chilewa, mpakia magunia sokoni, aliyekuwa amejimwagia vyuma vyake mwenyewe: fito la bomba, na kila mwisho kopo la rangi lililojazwa saruji. Alikuja dukani akitaka maziwa mazito kuliko yote, yenye malai ya kulala juu kidole kizima. Alikuwa na hakika kwamba mafuta ndiyo yanayogeuka kuwa misuli. Wote waliamini hivyo. Kwetu pia kitu cha thamani kilikuwa malai, maana ndiyo inayotoa samli. Maziwa yaliyobaki baada ya kuenguliwa tuliyaita ya ndama, na mengine yalikwenda kwa mbwa.

Aliyetufungua macho ni mama mmoja mtaalamu wa lishe wa zahanati, aliyekuwa akinunua maziwa kwa ajili ya watoto waliodhoofu. Alinikuta nikimimina yale yaliyoenguliwa kwenye beseni la mbwa, akanishika mkono. Akanieleza kwamba mafuta hutia joto na kushibisha, lakini kinachojenga nyama ya mwili, yaani protini, hakiondoki na malai. Kinabaki pale pale ndani ya maziwa ninayompa mbwa. Na ukiyagandisha, ukayachuja maji yake, kile kinachobaki kitambaani kina protini nyingi kwa kila kijiko kuliko maziwa uliyoanza nayo. Nilimtazama mbwa wetu. Kweli alikuwa na kifua kipana.

Basi nikaanza. Chemsheni maziwa kwanza, na hapo sina mchezo. Chilewa na wenzake walipenda mabichi, wakisema yana nguvu zaidi, mpaka mmoja wao alipolala miezi na homa isiyoisha na viungo vikiuma kama vimetwangwa, daktari akamwambia ameipata kwenye maziwa mabichi. Yakishachemka, yaacheni yapoe mpaka kidole kiweze kutulia ndani bila kuungua. Tieni vijiko viwili vya mtindi wa jana, funikeni, yaacheni mahali pa joto, msiyachungulie kila saa. Yakiganda, mimineni kwenye kitambaa cheupe cha marekani kilichochemshwa, ning'inizeni kwenye msumari, na chini wekeni sufuria. Maji ya njano yatadondoka kutwa. Msiyamwage, pikieni uji. Kitakachobaki kitambaani ni mtindi mzito ambao kijiko kinasimama.

Shida ilikuwa kumwambia Chilewa kwamba umetokana na maziwa ya ndama. Nilijaribu mara moja tu.

"Mama, mimi si ndama," akasema, akaondoka na kununua malai.

Kwa hiyo nikamdanganya. Nikampa bakuli la mtindi mzito nikasema ni wa kipekee, wa ng'ombe wa Bahi. Akaupenda. Alikula bakuli kila akitoka kwenye vyuma, na mwaka ulipoisha mabega yake yalikuwa yamejaa na anasimulia soko zima kuhusu mtindi wenye mafuta wa Mama Elina. Siku nilipomwambia ukweli alinuna hadi jioni. Kesho yake alirudi na wenzake sita, wakasimama kaunta wote wakitaka "ya ndama".

Msije mkadhani ni bakuli lililomjaza mabega. Ndugu yake, ambaye jina lake naliacha maana watoto wake wapo hapa hapa, alisikia habari akaanza kula mabakuli matatu kwa siku akiwa amekaa kwenye kibaraza. Chuma hakugusa. Naye aliongezeka kweli, ila aliongezekea tumboni. Chuma ndicho kinachouambia mwili kuna kazi, na protini ni tofali za kuifanyia hiyo kazi. Ukileta tofali bila fundi, unapata rundo la tofali. Wala msinywe yote kwa mkupuo mkidhani ndiyo mmemaliza. Gawanyeni: kikombe asubuhi, kingine mkitoka mazoezini, na kwenye sahani mtafute maharage, mayai, dagaa, karanga. Ambaye tumbo lake hugomba akinywa maziwa, ajaribu mtindi kwanza, wengi huwakubali. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kabla hajanisikiliza mimi.

Siku hizi nawaona mnatoka mjini na zile chupa zenye picha ya mkono uliotuna, zimeandikwa protini kwa herufi kubwa. Mnadhani nitazisema vibaya. Sina ugomvi nazo. Ni maziwa yaliyochujwa kwa mashine badala ya marekani, basi. Someni tu nyuma ya chupa muone wametia sukari kiasi gani, na kama hamna uwezo wa kuzinunua msijione wanyonge. Kitambaa na msumari mnavyo.

Mzee Omari alifariki nikiwa kazini. Watoto wake wakafunga duka, na sasa pale wanauza makava ya simu. Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Chilewa yuko Bahi analima mpunga, na hunipigia sikukuu. Tabitha, mwanangu wa pekee, ana mume na watoto watatu Dar es Salaam. Nimebaki mimi na nyumba ya vyumba vitatu ambayo viwili sifungui. Nyinyi mnaopenda kelele hamjui jambo hili bado, lakini mtu aliyezungumza na foleni ya watu kila asubuhi kwa miaka thelathini na miwili, akinyamaza ghafla, sauti yake mwenyewe humshtua. Nimewahi kumsalimia muuza mkaa ambaye hakuwa amenigongea, alikuwa anapita tu.

Masika iliyopita niliteleza uani nikavunjika mguu. Nilifungwa plasta, nikalala wiki nyingi. Tabitha alikuja siku nne akarudi kazini, na jirani yangu Mama Zuhura ndiye aliyekuwa akija asubuhi na jioni kuniinua, kunikalisha, kunipeleka msalani. Nitasema jambo la aibu kidogo. Wiki zile zilikuwa nzuri. Maumivu yalikuwepo, lakini mara mbili kwa siku mtu aliniweka mikono chini ya makwapa akasema, "Haya bibi, twende pamoja, moja, mbili." Kabla ya hapo sikumbuki mara ya mwisho kuguswa na mtu isipokuwa kwa kupeana amani kanisani.

Plasta ilipotolewa, paja langu lilikuwa kama mpini wa jembe. Mtaalamu wa viungo hospitalini, msichana mdogo mwenye heshima zake, aliniamkia, akanipima, akaniuliza ninakula nini.

"Ugali wa uwele na mlenda. Jioni chai."

"Ya maziwa?"

"Ya rangi."

"Bibi, misuli imeisha. Inabidi uijenge kwa mazoezi ya uzito, na mwili wa mzee unahitaji protini ya kutosha zaidi ya unayokula wewe. Unaweza kupata maziwa? Au mtindi ule mzito, sijui kama unaujua."

Nilicheka mpaka mguu ukauma. Yule mtoto alidhani namdharau, ikabidi nimweleze. Mganga hajigangi. Miaka yote ile nilikunywa chai ya rangi, kwa sababu dukani maziwa yalikuwa ya wateja, na nikifika nyumbani sikutaka hata kuyasikia harufu.

Hapo ndipo Tabitha alipopiga simu na mtihani wake. Alikuwa ameongea na mtaalamu. "Mama, sitaki kukulazimisha," alisema, kwa ile sauti anayotumia akishaamua kukulazimisha. "Nakupa miezi mitatu. Nikija, ukae kwenye kigoda, mikono kifuani, uinuke mwenyewe. Ukishindwa tunafunga nyumba. Siwezi kulala nikijua uko chini huko peke yako huwezi kuinuka."

Nilikasirika. Nyumba hii tumeijenga mimi na baba yake tofali kwa tofali. Nikaning'iniza marekani kwenye msumari siku hiyo hiyo.

Mazoezi yangu yalikuwa haya. Nina keni ndogo ya maziwa niliyopewa dukani siku ya mwisho. Nilikaa kwenye kiti cha juu, nikaipakata tupu, nikainuka na kukaa mara nane, nikapumzika, nikarudia, nikishika meza kwa mkono mmoja. Wiki zilivyokwenda nikaacha meza. Kisha nikatia kikombe cha maji kwenye keni, kisha viwili. Kisha nikahamia kiti kifupi. Siku za kupumzika nilipumzika, maana niliwaona wenzenu waliokuwa wakibeba kila siku wakaishia kubeba maumivu. Asubuhi bakuli la mtindi mzito na karanga, baada ya mazoezi kikombe cha maziwa, jioni maharage. Nilisikia vyuma vyenu vikilia kule nyuma ya gereji, nami nikawa nainuka navyo. Nilitaka sana kuja, nikaona haya.

Asubuhi moja Mama Zuhura alifungua mlango akanikuta nimeshakaa, nimeshavaa, nimejitoa kitandani mwenyewe. Alipiga vigelegele vya harusi. Alinikumbatia, akaniambia, "Bibi umepona!" Jioni hakuja. Kesho yake pia. Simlaumu hata kidogo, ana maandazi ya kukaanga alfajiri na watoto wa kupeleka shule, na alinibeba wiki zote zile bila kuniomba kitu. Lakini nilikaa nimeelekea mlango siku mbili, nikaelewa kwamba kila kikombe ninachokunywa kinampunguzia mtu sababu ya kuja.

Tabitha alifika kwa treni ya umeme ya asubuhi. Alikuwa na begi kubwa ambalo halikuwa na kitu ndani. Nililijua la nini, la nguo zangu. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku tatu kazini ili anifungie vitu. Aliniamkia, akaniinamia akanibonyeza mapaja kama mtu anayechagua mbuzi mnadani.

"Mama! Mbona yamekaza?"

"Ni mtindi."

Hata chai hakutaka kungoja. Alitoa kigoda, kile kifupi kabisa cha kupikia, akakiweka katikati ya ua. Nikakaa. Nikaweka mikono kifuani. Naye akasimama mbele yangu, mikono ameikunjua, tayari kunidaka.

Nitawaambia kweli nilichofikiri. Sikufikiria nyumba tena. Nilitazama ile mikono yake. Ilikuwa karibu mno. Nikiendelea kukaa, ingenishika. Ingenishika leo, na kesho, na Dar es Salaam asubuhi na jioni, na kungekuwa na watoto watatu wa kunipigia kelele. Kilichotakiwa ni mimi kushindwa tu, na mtu wa umri wangu akishindwa hakuna anayemuuliza kwa nini. Nilijua kabisa kwamba miguu inaweza. Nilikaa pale muda, mpaka uso wa Tabitha ukaanza kubadilika.

"Pole mama," akasema taratibu. "Basi. Si neno."

Akasogea kunishika. Ndipo nikauona uso wake kwa karibu, na macho yalivyokuwa yamechoka, na nikajua anapiga hesabu ya chumba, nani alale wapi. Maisha yangu yote nimewakatalia watu maziwa yenye maji. Ningempaje mwanangu mguu wa uongo?

Nikasema, "Ngoja." Nikainuka. Sikuyumba. Nikakaa, nikainuka tena, ili asije akasema ni bahati.

Tabitha alilia. Alinikumbatia kwa nguvu, nami nikajiachia kabisa kifuani kwake, nikitumaini hatakuwa na haraka. Kisha akatoa simu akampigia mumewe. "Ameweza! Ee, mwenyewe! Basi usiwahamishe watoto sebuleni." Alikuwa akicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu baba yake afariki. Ilikuwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mzigo wenyewe nilikuwa mimi.

Tulikula pamoja. Nilipika wali na maharage, nikamtengea na mtindi, akaula wote. Kisha akaangalia saa.

"Mama, kuna treni ya saa tisa. Nikiiwahi, kesho naingia kazini, ruhusa hii nitaitumia Krismasi."

"Iwahi," nikasema.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alilikunja lile begi akalibana kwapani. Bodaboda ikaja, akapanda, akageuka. "Usiache mtindi, mama!"

Nikamwambia sitauacha, na siuachi. Wala ninyi msiache, na mkimaliza vyuma vyenu piteni hapa, hata kama hamna la kuniuliza. Siku ile nilirudi kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu bila kupumzika njiani hata mara moja, jambo ambalo sikuwa nimeliweza tangu nivunjike. Nilifungua mlango nikiwa na furaha, nikafungua na mdomo, nikakuta hakuna wa kumwambia.